Majina ya watu: kuyatafsiri, kuyaandika na kuyatamka (mifano ya Kibosho na Uchagani)

Jina la mtu ni nomino ya pekee, na nomino za pekee kwa kawaida hazitafsiriwi. Kanuni hiyo hufundishwa katika kipindi cha kwanza cha tafsiri na huanza kuvunjwa katika kipindi cha pili, pale mwanafunzi anapogundua kwamba Petro wa Biblia ya Kiswahili ni Peter wa Kiingereza na Pedro wa Kihispania, wala hakuna anayeona ajabu. Makala hii inaeleza ni lini jina hubadilishwa sura likivuka kutoka lugha moja hadi nyingine, ni lini huachwa lilivyo, na jinsi ya kulitamka kila linapofika. Mifano mingi imetoka Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine Afrika Mashariki ambapo lugha nyingi kiasi hicho zimegusa jina la mtoto mmoja.

Misheni ya Kibosho ilianzishwa mwaka 1893 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lililokuwa na makao yake Ufaransa. Mwaka huohuo Walutheri wa Misheni ya Leipzig walianza kazi Machame, ng'ambo ya magharibi. Serikali ilikuwa ya Wajerumani, kisha ikawa ya Waingereza. Kuanzia miaka ya 1930 wakaja mapadre wa Kimarekani wa shirika lilelile la Roho Mtakatifu. Ibada na vitabu vya ubatizo vilikuwa vya Kilatini, mafundisho ya dini yalitolewa kwa Kiswahili, na nyumbani watu walizungumza lahaja ya Kichaga ambayo wenyewe huiita Kiwoso. Hata jina la mahali limepitia njia hiyo: Kibosho na Kiwoso ni sura mbili za neno moja, ya kwanza ikiwa imepita katika vinywa vya wageni, ya pili ikiwa imebaki kwa wenyeji. Ramani za Kijerumani ziliandika Kiboscho, kama zilivyoandika Moschi na Madschame.

Aloyce na wenzake

Mfano unaofaa kuanza nao ni Aloyce, jina linalosikika sana Uchagani. Asili yake katika kitabu cha ubatizo ni Aloysius, jina la Kilatini la mtakatifu Aloisi Gonzaga ambaye sikukuu yake huadhimishwa tarehe 21 Juni. Wafaransa humwita mtakatifu huyohuyo Louis, Waitaliano Luigi, Wahispania Luis, Wajerumani Alois. Kiswahili cha kanisa kilichukua umbo la Aloisi. Aloyce ni umbo la Kijerumani au la Kilatini lililokatwa mkia, kisha likavishwa tahajia yenye sura ya Kiingereza: herufi y kwa sauti i, na ce kwa sauti s, kama mwandishi alivyoona katika majina kama Joyce. Mwingereza hana jina linaloandikwa hivyo. Umbo hilo lilizaliwa Tanzania, na kwa maana hiyo ni jina la Kitanzania kama yalivyo Juma na Neema.

Hapo ndipo walimu wengi hukosea. Mwalimu akikuta Aloyce katika daftari la mahudhurio hudhani ni makosa ya tahajia, akaandika Aloys au Alois, kwa nia njema kabisa. Lakini jina halina tahajia sahihi inayokaa mahali fulani nje ya mwenye jina. Kamusi inaweza kusema kwamba neno *shule* haliandikwi *shuli*. Haina mamlaka ya kusema kwamba Aloyce haliandikwi Aloyce.

Majina mengine yanafichua njia yaliyopitia. Mtakatifu wa Loyola ambaye Kilatini humwita Ignatius huitwa Inyasi katika Kiswahili cha Wakatoliki. Sauti ny na kukosekana kwa silabi ya -tius haviwezi kuelezwa kwa Kilatini wala kwa Kiingereza. Ni Kifaransa, Ignace, kilichosikiwa kwa sikio na kuandikwa kwa herufi za Kiswahili. Kwa upande mwingine Ludoviko, jina wanaloitwa wafalme na watakatifu ambao Kifaransa huwaita Louis, limetoka moja kwa moja katika Kilatini cha vitabu. Mfasiri anayejiuliza kama kuna kanuni moja ya kugeuza majina ya Ulaya kuwa ya Kiswahili atajibiwa na mifano hiyo miwili: kanuni moja hakuna, ila kuna historia ya nani alimsikia nani.

Tofauti za madhehebu nazo hujitokeza. Wakatoliki husema Injili ya Yohane, Waprotestanti husema Injili ya Yohana. Mume wa Maria ni Yosefu kwa Wakatoliki, lakini Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyotoka mwaka 1952, humwita Yusufu, umbo ambalo Waislamu wa pwani walikuwa nalo karne nyingi kabla. Ndivyo ilivyo pia kwa Musa, Daudi, Ibrahimu na Haruni: wafasiri wa Biblia hawakuyabuni, waliyakuta katika Kiswahili. Anayetafsiri andiko la Kikristo kwa Kiswahili hana budi kujua wasomaji wake ni wa kanisa gani kabla hajaandika jina la kwanza.

Vokali ya mwisho na mkazo

Silabi ya Kiswahili huishia kwa vokali. Jina la kigeni linaloishia kwa konsonanti hupewa vokali, aghalabu katika matamshi tu, wakati mwingine katika maandishi pia. Vokali hiyo haichaguliwi kiholela. Baada ya sauti za midomo huwekwa u: Yosefu, Yakubu, Adamu, Ibrahimu. Baada ya sauti za ufizi kama s, t, d na n huwekwa i: Athanasi, Alberti, Evaristi, Devidi, Agustini. Feliksi na Patriki huonyesha kwamba hata baada ya ks na k ni i inayopendelewa zaidi.

Vokali hiyo moja ina athari kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi moja ikiongezwa, mkazo wote unahama. Albert wa Kiingereza ana mkazo mwanzoni. Alberti wa Kiswahili ni a-li-BE-ti kwa wasemaji wengi, au a-l-BE-ti kwa wanaoivumilia l iliyo peke yake. Aloyce ni a-lo-I-si. Julius, jina la ubatizo la Mwalimu Nyerere, huandikwa kwa Kilatini kamili lakini watu wazima wengi hulitamka ju-li-A-si. Mtangazaji anayelitamka kwa mkazo wa Kiingereza hajakosea, ila atasikika kama anamtaja mtu mwingine.

Katika maandishi rasmi vokali hiyo haiongezwi wala haiondolewi. Aliyeandikwa Evarist abaki Evarist, hata kama kila mtu kijijini humwita Evaristi. Aliyeandikwa Evaristi asikatwe na mfasiri anayedhani anamfanya Mwingereza.

Herufi zinazodanganya

Th ya Kiswahili ni sauti ya *thamani* na *thelathini*. Th ya Thomas, Thadeus na Theresia ni tahajia ya Kilatini iliyorithiwa kutoka Kigiriki, nayo katika majina hayo husomwa t: Tomasi, Tadei, Teresia. Msomaji wa Kiswahili anayelipa Thomas sauti ya *thamani* anatii tahajia ya lugha yake katika neno lililoandikwa kwa tahajia ya lugha nyingine. Hata hivyo Timotheo sasa husomwa na wengi kwa sauti ya *thamani*, na hakuna sababu ya kuwazuia: jina hilo limeingia katika Kiswahili kwa maandishi ya Biblia, na waliolipokea wamelisoma kama Waswahili.

Ch ya Christina si ch ya *chai*. C pekee haimo katika alfabeti ya Kiswahili, kwa hiyo Cosmas ni Kosmasi lakini Cecilia ni Sesilia. J ina hatari zaidi, kwa kuwa Kilatini na Kijerumani huisoma y: Johannes aliyeandikwa na mmisionari wa Kijerumani ni Yohanesi, wala si jina lenye sauti ya *jana*. Hati moja ya zamani ikiwa na Josef na nyingine ikiwa na Yosefu, mfasiri asifikirie haraka kwamba ni watu wawili.

Majina ya koo za Kichaga yana mitego yake. Massawe, Urassa, Assey na Kessy huandikwa kwa s mbili ingawa hakuna anayetamka s mbili. Katika Kijerumani s moja iliyo kati ya vokali husomwa z, na anayetaka s kamili huandika mbili. Uandishi wa majina hayo unakubaliana na desturi hiyo, na umeendelea kuishi zaidi ya miaka mia moja baada ya utawala wa Wajerumani kuondoka Kilimanjaro mwaka 1916. Kwa Mwingereza s mbili hazina tatizo. Kwa Mswahili anayejifunza kuandika zinaonekana kuwa pambo lisilo na kazi, na ndiyo maana Masawe na Urasa hujitokeza katika orodha za shule. L mbili za Marealle na Mallya hazina sauti ya ziada. Ajabu ni kwamba msomaji wa Kihispania atazisoma kwa sauti ya y, kwa kuwa ll ya Kihispania ndivyo inavyotamkwa katika nchi nyingi; Marealle mikononi mwake atakuwa Mareaye asipoelezwa.

Y nayo hufanya kazi mbili. Mwishoni mwa jina ni i ya kawaida: Mlay ni m-LA-i, yenye m inayojitegemea kama ya *mtu*, mgeni wa Kiingereza hulisoma kwa kuanza na e na kumalizia na ei. Baada ya konsonanti ni nusu-vokali: Lyimo, Lyatonga. Kiswahili hakina mfuatano wa l na y katika maneno yake ya kawaida, kwa hiyo Watanzania wengi husema li-I-mo, na wageni wa Kiingereza husema Laimo. La kwanza ni urekebishaji wa kawaida wa sauti, la pili ni kosa la kusoma. Mwalimu wa matamshi atofautishe hayo mawili, asiyaweke katika kapu moja la makosa.

Wahispania na Waswahili, kwa upande mwingine, wana bahati ya kuelewana. Lugha zote mbili zina vokali tano, a, e, i, o, u, zinazotamkwa kila mahali kwa namna moja. Mwanafunzi wa Kibosho anayesoma Mendoza au Salamanca kwa vokali za Kiswahili atakuwa karibu sana na matamshi ya Madrid kuliko Mwingereza aliyesoma miaka mitatu. Anachohitaji kufundishwa ni konsonanti chache: ñ ni ny ya *nyumba*, h haisikiki, z hutamkwa s katika Amerika ya Kilatini na th ya *thamani* katika sehemu kubwa ya Hispania, na j iko karibu na kh ya Khamisi kama inavyotamkwa Zanzibar. José na Javier vikianza na kh hiyo vitaeleweka. Vikianza na j ya *jambo* vitasikika kama Kiingereza.

Gaudence alimaliza masomo yake

Sentensi hiyo ya Kiswahili haisemi kama Gaudence ni mwanamume au mwanamke. Kiambishi a- na kimilikishi -ake hutumika kwa wote. Mfasiri wa Kiingereza analazimika kuchagua mara tu anapofika kwenye kimilikishi, na wengi huchagua vibaya, kwa sababu Gaudence, Clemence, Fulgence na Severine yana sura ya majina ya kike ya Kiingereza au ya Kifaransa.

Uchagani majina hayo kwa kawaida ni ya wanaume. Gaudence ni Gaudentius, Fulgence ni Fulgentius. Kifaransa hugeuza -entius kuwa -ence bila kubadili jinsia ya mwenye jina. Severine wa Kilimanjaro ni Severinus, Séverin wa Kifaransa, ambaye ameongezewa e mwishoni na karani fulani, e hiyo ikawa imemhamisha, machoni mwa Mfaransa, kutoka wanaume hadi wanawake. Clemence ni Clemens.

Kosa la namna hiyo si dogo. Barua ya mapendekezo inayomwita mwombaji kwa kiwakilishi cha kike wakati hati yake ya kusafiria inasema ni mwanamume hutia shaka kwa msomaji wa ubalozi au wa chuo: ama barua si yake, ama hati si yake. Mfasiri atafute ushahidi ndani ya andiko lenyewe. Je, mhusika anaitwa kaka, mume, padre? Alisoma seminari? Ushahidi ukikosekana, aulize. Akishindwa kuuliza, Kiingereza kinaruhusu kurudia jina badala ya kiwakilishi, na sentensi iliyopooza kidogo ni afadhali kuliko mtu aliyebadilishwa jinsia. Mtafsiri wa Kihispania ana kazi nzito zaidi, kwa kuwa hata sifa na baadhi ya majina ya kazi hufuata jinsia: hawezi kuandika kwamba Gaudence ni mwalimu bila kuamua.

Meli alinyongwa

Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Mangi Sina wa Kibosho alipigana nao mwaka 1891. Katika Kiswahili meli ni chombo cha baharini, sina ni kukosa, na moshi ni kitokacho motoni. Majina haya hayahusiani kabisa na maneno hayo. Ni ya Kichaga, yamefanana nayo kwa sauti tu. Programu za kutafsiri kwa mashine hazijui hilo, na hugeuza utawala wa Sina kuwa utawala wa asiye na kitu. Nazo si peke yake: mwanafunzi mwenye haraka hufanya vivyo hivyo.

Sarufi ya Kiswahili ina kinga yake. Majina ya watu huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza, hata yakiwa na umbo la ngeli nyingine. *Meli ilizama* ni chombo. *Meli alinyongwa* ni mtu. *Moshi umetanda* ni wa moto, *Moshi iko kaskazini* ni mji, *Moshi amefika* ni mtu wa ukoo huo. Anayetafsiri kutoka Kiswahili asitazame herufi kubwa peke yake, maana mwanzoni mwa sentensi kila neno lina herufi kubwa, atazame kitenzi. Anayetafsiri kwenda Kiswahili naye ahakikishe kitenzi chake kimebeba a-.

Watawala hao walikuwa na majina zaidi ya moja. Rindi wa Moshi, baba yake Meli, anajulikana katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 kwa jina la Mandara, na ni jina hilo la pili lililopewa kituo cha kwanza cha wapanda mlima katika njia ya Marangu. Mfasiri akikutana na Rindi katika chanzo kimoja na Mandara katika kingine, aweke yote mawili mara ya kwanza, kisha afuate lile linalotumiwa na andiko analolitafsiri.

Yapo pia majina ambayo maana yake ni wazi kwa kila anayejua lugha. Aika, au haika kutegemea lahaja, ni neno la shukrani Uchagani. Ruwa ni Mungu. Aikaruwa ni shukrani kwa Mungu. Kwa Walutheri hasa, Ruwa hupokewa na Eli wa Kiebrania, na matokeo yake ni Aikaeli na Haikaeli: nusu Uchagani, nusu Agano la Kale, na jina limekamilika. Ng'ambo ya mto, kwa Wakatoliki wa Kibosho, mtoto aliyezaliwa kwa furaha ileile aliitwa Deogratias, jina la askofu wa Karthago wa karne ya 5, ambalo kwa Kilatini ni shukrani kwa Mungu neno kwa neno. Kiswahili nacho kina Shukuru na Shukrani.

Kimaana majina hayo yote ni jina moja. Lakini hakuna mfasiri anayeruhusiwa kuandika Deogratias mahali pa Aikaruwa. Maana ya jina ni sababu ya kupewa jina. Kazi ya jina ni kumwelekeza msomaji kwa mtu fulani, na hiyo ndiyo kazi inayotafsiriwa. Katika hadithi au tamthilia, ambapo mwandishi amempa mhusika jina kwa ajili ya maana, maana ielezwe mara moja ndani ya sentensi, pasipo kuligusa jina lenyewe. Majina ya Kiingereza yanayopendwa Kilimanjaro, Godlisten, Godbless, Goodluck, Honest, yafuate utaratibu huohuo kwa upande wa pili: hayageuzwi kuwa ya Kiswahili hata kama kila msomaji anaelewa yanachosema.

Papa, mfalme na mwanafunzi

Kuna watu ambao majina yao hutafsiriwa. Mapapa ni mfano ulio wazi: Papa Yohane Paulo wa Pili, Benedikto wa Kumi na Sita, Fransisko, Leo wa Kumi na Nne. Jina la upapa huchaguliwa kwa Kilatini na kila lugha hulivaa kivyake. Jina la kuzaliwa haligeuzwi: Fransisko alizaliwa Jorge Mario Bergoglio, na hakuna gazeti la Kiswahili lililowahi kumwita Joji Mario. Watakatifu nao hutafsiriwa. Kiongozi wa mashahidi wa Uganda waliotangazwa watakatifu mwaka 1964 ni Karoli Lwanga kwa Kiswahili, Charles Lwanga kwa Kiingereza, Carlos Lwanga kwa Kihispania.

Wafalme wako katikati. Mfalme wa sasa wa Uingereza ni Charles kwa Kiswahili, si Karoli. Wahispania humwita Carlos III bila kusita. Waingereza, kwa upande wao, walimwita Felipe II wa karne ya 16 kwa jina lao la Philip, lakini mfalme wa leo wa Hispania, Felipe VI, wanamwachia jina lake. Desturi imebadilika kati ya wafalme hao wawili: zamani wakubwa wa Ulaya walitafsiriwa majina, siku hizi huachwa. Kiswahili kilianza kuandikwa kwa wingi katika magazeti wakati desturi hiyo ilikuwa inahama, ndiyo sababu kinatafsiri watakatifu na kuacha wafalme.

Mtu wa kawaida hatafsiriwi. John aliyezaliwa Leeds akihamia Moshi si Yohana, wala Petro wa Kibosho akienda Barcelona si Pedro, isipokuwa yeye mwenyewe apende kuitwa hivyo. Tahadhari moja iongezwe kuhusu majina ya ukoo: Mhispania hutumia majina mawili ya ukoo, la baba likitangulia la mama. Gabriel García Márquez hufupishwa García Márquez. Anayemwita Márquez peke yake amemwita kwa ukoo wa mama. Mtanzania aliyezoea kwamba jina la mwisho ndilo la ukoo hukosea hapo kwa urahisi, na Mhispania naye hukosea anaposoma majina matatu ya Mtanzania, akidhani la kati na la mwisho ni koo mbili, ilhali la kati mara nyingi ni la baba.

Katika hati

Kadi ya ubatizo inasema Aloisi. Cheti cha kumaliza elimu ya msingi kinasema Aloyce. Cheti cha kidato cha nne kinasema Aloyce, lakini ukoo umeandikwa Masawe. Kitambulisho cha Taifa kinafuata cheti cha kuzaliwa, ambacho kilichelewa kuchukuliwa na kina Aloys Massawe. Mtu wa namna hiyo ni wa kubuni, ila kila mwalimu wa Kilimanjaro amekutana naye. Hakuna aliyedanganya popote. Kila karani aliandika alichosikia au alichoona ni sahihi, na mzigo wa kuthibitisha kwamba hati nne ni za mtu mmoja umemwangukia mwenye hati, mara nyingi katika wiki ileile anayotakiwa kuripoti chuoni au kazini. Huapa mbele ya wakili, hulipia, husubiri. Wakati mwingine hulazimika kusajili hati ya kubadili jina ambalo, kwa fikra zake, hakuwahi kulibadili.

Mfasiri wa hati asiongeze karani wa tano. Anakili jina herufi kwa herufi kama lilivyo katika kila hati, hata kama zinapingana, hata kama anamjua mwenyewe. Akitaka kumsaidia msomaji, aandike maelezo ya mfasiri chini ya ukurasa kwamba sura fulani na fulani ni tahajia tofauti za jina moja. Kuamua kama ni za mtu mmoja si kazi yake. Katika barua na wasifu, ambapo mwenye jina anaweza kuulizwa, sura ya hati ya kusafiria ndiyo itangulie.

Vitabu vya ubatizo vya Kilatini vina mtego wa sarufi unaostahili kutajwa kwa walimu wa historia. Jina la baba huweza kuandikwa katika hali ya umilikishi: mtoto *wa Petrus* ni Petri. Mnakili asiyejua Kilatini huandika kwamba baba aliitwa Petri, na Pauli, na Josephi. Ikitumika hali nyingine ya Kilatini, Petrus huwa Petro, na hapo kwa bahati tu hulingana na Kiswahili.

Suala hili lina uzito zaidi Uchagani kwa sababu ya desturi iliyoenea ya kurithisha majina: mwana wa kwanza hupewa jina la babu wa upande wa baba, wa pili la babu wa upande wa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa mabibi. Kiswahili kina neno zuri kwa uhusiano huo, *somo*, yaani mtu mnayeshiriki jina. Wakatoliki wamelipanua hadi kwa mtakatifu, wakasema sikukuu ya somo. Karani anapofupisha tahajia ya jina la mtoto amegusa pia jina la mzee ambaye pengine amelala mgombani nyuma ya nyumba, na familia huliona hilo hata kama haliwezi kuelezwa katika fomu.

Mama Deo

Mzazi Uchagani, kama kwingineko nchini, huitwa kwa jina la mtoto: Mama Deo, Baba Aloyce. Deo ni ufupisho wa Deogratias. Mfasiri wa Kiingereza asiandike kwamba ni mama anayeitwa Deo, wala asiandike mama wa Deo kana kwamba ni taarifa ya ukoo. Katika mazungumzo, Mama Deo ni jina kamili lenye heshima, na liachwe hivyo, likielezwa mara ya kwanza linapotokea. Vivyo hivyo *akina Massawe* ni Massawe na watu wake, si wingi wa kawaida wa jina. Kiingereza hukaribia maana hiyo kwa kuongeza s ya wingi kwenye jina la ukoo, Kihispania kwa kutanguliza *los* na kuacha jina bila wingi.

Mangi ni cheo cha mtawala, na huandikwa kwa herufi kubwa kinapotangulia jina: Mangi Sina, Mangi Meli. Dar es Salaam neno hilohilo limekuwa jina la kumwita mwenye duka yeyote, awe ametoka Kibosho au Kigoma. Katika tafsiri ya riwaya ya mjini lisigeuzwe kuwa chifu.

Kwa wanaoandaa faharasa za vitabu: mtu wa Marangu anayetajwa kumwongoza Hans Meyer katika safari ya kileleni ya mwaka 1889 ameandikwa Yohani Kinyala Lauwo katika baadhi ya vitabu na Yohanas katika vingine. Aingizwe chini ya Lauwo, na sura zote mbili za jina la kwanza zionyeshwe hapohapo.